Waya Uliobaki Ndani ya Boksi

Sifa na shukrani ni zako, Mungu Baba, uliyetuamsha leo tukiwa na pumzi, ukatupa makazi katika nchi ambayo hatukuzaliwa, na majirani ambao hatukuwachagua bali wewe ulituchagulia. Uhimidiwe kwa mvua iliyonyesha hapa kwenye makazi yetu ya Nakivale wiki hii, kwa maharagwe yaliyoota, na kwa mkono huu uliozeeka ambao bado unaweza kushika kalamu. Niongoze niandike lililo kweli, na nisiongeze chumvi. Amina.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana katika makazi ya wakimbizi kule Tanzania, ambako wazazi wetu walikimbia nasi tukiwa bado wadogo. Vijana wa kigango tulikuwa tunafyatua matofali ya kujengea kanisa. Maji ya kukandia udongo yalitoka kwenye chemchemi mlimani, yakashuka kwa mpira mrefu uliopita katikati ya mashamba ya watu. Siku hiyo maji yakakatika ghafla. Hatukuhitaji kuulizana. Sote tulitazama upande mmoja, kwenye shamba la kabichi la mtu aliyehamia karibuni, mtu mkimya asiyesali pamoja nasi. Kabichi zake zilikuwa zimestawi kuliko za watu wote, na kwetu sisi huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Tukaokota majembe, tukaanza kupanda kilima huku tukimtukana hata kabla hatujamwona.

Katekista wetu, Mzee Melkiori, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananoa panga. Hakupaza sauti.

"Mnakwenda wapi na majembe?"

"Kwa mwizi wa maji, Mwalimu."

"Vizuri. Lakini mpira unaishia hapa kwenu. Basi ufuateni kwa mkono kuanzia hapa, msiruke hata kipande, mpaka mfike kwake. Mkifika bila kuona kitu, mtanikuta nyuma yenu na panga langu."

Tulicheka, tukainama. Hatukufika mbali. Rundo la matofali tuliyokuwa tumeyapanga wenyewe asubuhi ile lilikuwa limekaa juu ya mpira na kuubana kabisa. Tulipoyaondoa, maji yalitoka kwa nguvu yakaturushia tope usoni. Mzee Melkiori aliendelea kunoa panga lake. Akasema tu, bila kututazama, "Yule bwana wa kabichi, kesho mpelekeeni salamu. Leo mlikuwa mnampelekea kitu kingine."

Mungu amlaze mahali pema. Karipio lile nimelishukuru maisha yangu yote. Nami nikawa katekista, nikalitumia kwenye ndoa zilizoingiwa na ugomvi, kwenye mipaka ya mashamba, kwenye kwaya iliyogawanyika kwa sababu ya ngoma moja. Lakini sikufikiri hata mara moja kwamba nitalihitaji kwenye gemu za kompyuta.

Basi sikiliza ya juzi juzi.

Nina mjukuu wa kike anaitwa Spesi. Ana chumba pale Base Camp, penye ofisi za makazi yetu, karibu na njia ya kwenda Kashojwa, ambamo vijana huja kucheza gemu: mpira wa miguu, mbio za magari, na mengine ambayo mimi nikiyaona hufumba macho. Wako wazee wanaolalamika juu ya chumba kile. Mimi silalamiki. Nimeona vijana waliokuwa wakikaa njiani bila la kufanya wakikaa pale wakicheka, Mrundi, Mkongomani na Msomali kwenye benchi moja, wakitukanana kwa upendo. Pia Spesi hufunga mlango saa ya Misa, na hilo sikumwomba.

Kompyuta yake ni nzuri. Aliipata baada ya kusubiri sana, na ndani yake ina kadi ya picha yenye nguvu ya kuendesha gemu za sasa. Kilichokuwa kibovu ni kioo, yaani monita. Ilikuwa ndogo, na kona moja ilikuwa imeingia weusi kama jicho lenye mtoto wa jicho. Vijana wa Biharwe, pale upande wa barabara ya Masaka, walikuwa wamekubali kuja Jumapili moja baada ya Misa washindane na vijana wetu. Spesi akasema hawezi kuwapokea wageni kwa kioo kile. Akachukua akiba yake, akaenda Mbarara kwa Hajji Badru, akanunua monita ya gemu, ile ambayo picha yake hukimbia bila kuburuta.

Ni mimi niliyemtuma kwa Hajji Badru. Lazima nikueleze kwa nini.

Tulipofika Uganda mara ya kwanza, tulishushwa Mbarara mvua ikinyesha, hatujui pa kuelekea. Tulijibanza mbele ya duka moja la vyombo vya umeme. Tulitazamia kufukuzwa. Mwenye duka akatoka, mtu mrefu aliyevaa kanzu, akatutazama, akawaambia vijana wake waondoe maboksi yote ya redio barazani ili akina mama wapate pa kukaa na watoto. Maboksi yale yakalowa mvua. Kisha akatuma chai. Huyo ndiye Hajji Badru. Tangu siku ile, mtu wetu yeyote akihitaji redio, betri au taa ya sola, namwelekeza kwake. Sijawahi kusikia kwamba alimvunjia mkimbizi neno lake kwa sababu ni mkimbizi.

Sasa, mwanangu, kama huishi katika makazi kama yetu, kuna jambo huwezi kulijua. Mtu wa kwetu akinunua kitu cha thamani mjini, harudi nacho kwenye boksi lake. Hukitoa, hukiviringisha kwa blanketi au kitenge, hukiingiza katikati ya godoro au gunia, na boksi huliacha mjini. Boksi jipya likionekana linashuka kwenye gari hapa Base Camp, kufika jioni habari imefika vijiji vyote. Watu watasema, yule ameshatajirika, posho ya nini tena? Wengine wanaogopa kwamba jina lao litafutwa kwenye orodha ya posho. Sijui kama kuna jina lililowahi kufutwa kwa sababu ya boksi, lakini hofu hiyo tumeishi nayo mpaka imekuwa desturi. Na Spesi amelelewa ndani ya desturi hiyo. Pale dukani alitoa monita na mguu wake, akavifunga kwa blanketi, boksi akamwachia Hajji.

Jumamosi, siku nane kabla ya wageni kuja, aliiwasha. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kuchaji simu. Vijana walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Picha ikatokea, kubwa, yenye rangi za kupendeza, watu wakapiga makofi. Kisha gemu ya mpira ikaanza, na makofi yakanyamaza. Mchezaji akikimbia, alikuwa anaacha ukungu nyuma yake. Mpira uliruka vipande vipande. Mara mbili kioo kilizima chenyewe na kuwaka tena.

Kijana mmoja Mkongomani, Pasifiki, ambaye mdomo wake haujui sikukuu, akaweka chini kidude cha kuchezea. Kwao Yaya ni dada, na ekra ni kioo.

"Yaya Spesi, hii ekra inachoka kuliko mama yangu akitoka shamba!"

Chumba kikalipuka kwa kicheko.

"Angalia mupira," akaendelea. "Uko hapa, halafu uko kule. Katikati haupite! Ulisema inakimbia. Inakimbia kwenda fasi gani?"

"Pasifiki, nyamaza au toka nje."

"Natoka, Yaya. Lakini nikitoka nitafika mbele ya huo mupira."

Walipokwisha kutoka wote, Spesi alibaki mbele ya kioo. Halafu akachukua simu yake, akafungua kundi la wafanyabiashara, akabonyeza pa kurekodi, akaanza kusema. Nilisikia kila neno.

"Ndugu wafanyabiashara wa Nakivale, jihadharini na Hajji Badru wa Mbarara. Anawauzia wakimbizi vitu vilivyochoka akisema ni vipya, kwa sababu anajua hatuna pa kushtaki. Mimi ni Spesi wa Base Camp, amenifanyia hivyo wiki hii. Msiende kwake tena."

Mwanangu, katika kundi lile la simu wamo wafanyabiashara wa makazi yote, na hata wauza maziwa wa Endiinzi, nje ya makazi, wamo. Neno likishaingia mle, hakuna awezaye kulitoa. Lingefika Mbarara kabla ya jua kuzama, na mtu aliyetupisha barazani pake siku ya mvua angeitwa mwizi wa wakimbizi. Kidole gumba cha Spesi kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Mjukuu wangu," nikasema, "usitume kwanza. Tufuate waya."

Alikuwa anaijua hadithi ya matofali, nimemsimulia tangu alipokuwa anaota meno. Akaweka simu chini. Tukaufuata. Nilianza mimi, kwa vidole, kutoka nyuma ya kompyuta. Kichwa cha waya kilikuwa kimeingia vizuri, tena mahali panapofaa, kwenye kadi ya picha na si pale pengine pa ubao mkuu. Nikapita chini ya meza, nyuma ya benchi, nikapanda mpaka kwenye monita. Hapakuwa na mguu wa benchi uliokanyaga, hapakuwa na mahali palipotafunwa na panya. Kila upande ulikuwa umekaza. Waya wenyewe Spesi alikuwa ameutoa nyuma ya king'amuzi cha televisheni nyumbani, na kule ulikuwa unaleta picha kila siku bila tatizo.

"Umeona, Babu? Waya ni mzima."

"Nimeona."

"Sasa nitume?"

Nitakwambia ukweli, hapo niliishiwa. Nilikuwa nimefika mwisho wa mpira wa Mzee Melkiori bila kukuta tofali. Moyoni, kitu kidogo kibaya kikaanza kuniambia kwamba labda Hajji naye amebadilika, dunia imekuwa ngumu kwa kila mtu. Nikabaki na jambo moja tu la kusema.

"Jumatatu twende pamoja tumwambie usoni. Akikataa kutusikiliza, utaituma mbele yangu, na mimi nitaongeza sauti yangu chini ya yako."

Alijua nimeweka nini mezani, maana jina langu katika makazi haya si kubwa, lakini linajulikana. Akakubali. Katika sala yangu ya jioni sikumwombea Spesi peke yake. Nilimwomba Mungu kwamba Hajji asiwe ametudanganya, na nikaomba hivyo kama mtu mwenye hofu.

Jumatatu tukafika Mbarara, monita imelala ndani ya blanketi kwenye mapaja ya Spesi. Hajji Badru alikuwa nyuma ya meza yake ya kioo. Alipotuona aliinua mikono yote miwili.

"Banange, jamani, Mwalimu! Umepotea sana! Na wewe nyabo, binti yangu, hiyo iko nini ndani ya blanketi? Umeleta mtoto hospitali? Hospitali iko kule juu."

"Nimeleta monita yako, Hajji," Spesi akajibu bila kutabasamu. "Ni mgonjwa kweli. Ulinipa iliyochoka."

Hajji akashusha mikono. Nilimtazama usoni, nikitafuta hasira au woga, maana vyote viwili hujulikana. Sikuona. Aliniangalia mimi, kisha akamwangalia Spesi, kisha blanketi.

"Inafanya nini?"

"Inaburuta. Inazima. Watu wamenicheka."

"Kama imekushinda, irudi," akasema taratibu. "Utachukua ingine. Mimi siwezi kupigana na wewe juu ya kioo, binti yangu. Wageni wako watakuja Jumapili, ulinieleza. Ngoja nilete boksi yake tuifunge vizuri."

Spesi hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Alikuwa amekuja na maneno ya vita, sasa hana pa kuyaweka. Hajji akapanda kiti, akashusha boksi kutoka juu kabisa ya rafu. Lilikuwa tayari limeshika vumbi la barabarani. Ubavuni alikuwa ameandika kwa kalamu nene: SPESI NAKIVALE.

"Ulisema hutaki," akamwambia, "lakini mimi nilisema, siku moja atataka. Watu wote wa Nakivale wananiachia maboksi. Nyumba yangu imekuwa mji wa maboksi."

Akalifungua, akatoa lile povu jeupe la kuzuia kitu kisivunjike, akaligeuza ili monita iingie. Kitu kikaanguka juu ya meza. Kilikuwa mfuko mdogo wa nailoni, bado umefungwa, na ndani yake waya mweusi uliokunjwa vizuri na kufungwa kwa kikamba chake cha kiwandani.

Spesi akainama kuutazama.

"Hii ni nini?" Spesi akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hii ni waya yake. Ilikuwa imelala chini ya povu." Hajji akauinua. "Wewe ulitumia gani?"

"Wa king'amuzi."

Hajji akafunika mdomo kwa mkono. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ya king'amuzi! Bambi, maskini, mtoto wa watu!"

Aliigeuza monita uso chini juu ya blanketi, akatuonyesha matundu mawili nyuma yake. Mimi niliona matundu yanayofanana, ila moja lilikuwa na kona moja iliyokatwa. Akasema lile la kwanza linaitwa HDMI, na lile lenye kona iliyokatwa linaitwa DisplayPort.

"Waya ya king'amuzi si mbaya," akasema. "Inaleta habari, inaleta filamu, kazi yake ni hiyo. Lakini kioo hii, mlango yake ya HDMI mwendo yake inaishia hapa tu. Mwendo yote iko kwa hii ingine. Na hiyo waya yako imezeeka pia, ndiyo maana inazimazima. Ngoja uone na macho yako."

Akaunganisha monita kwenye kompyuta ya dukani kwa waya wetu wa king'amuzi. Akafungua mahali pa mipangilio ambapo kompyuta huorodhesha kasi, yaani picha hubadilishwa mara ngapi kwa sekunde moja. Orodha ikaishia sitini. Akachomoa, akafungua ule mfuko wa nailoni, akaunganisha waya mpya kwenye tundu la kona iliyokatwa. Orodha ikapanda mpaka mia moja arobaini na nne. Spesi akachagua namba hiyo mwenyewe, akashika kipanya, akazungusha kishale.

Mwanangu, macho yangu yana umri, lakini hata mimi niliona. Kwa waya wa kwanza kishale kilirukaruka kama panzi. Kwa wa pili kiliteleza kama tone la mafuta kwenye sufuria. Spesi alikizungusha, akakizungusha tena, bila kuacha.

Halafu akafanya jambo ambalo sikumwambia alifanye. Akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza ya kioo mbele ya Hajji, akabonyeza. Sauti yake mwenyewe ikajaa duka: jihadharini na Hajji Badru wa Mbarara. Nilitamani sakafu inifiche. Hajji alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza ugonjwa wa jirani.

"Uliituma?"

"Hapana. Babu alinizuia."

Hajji akaisukuma simu kumrudishia.

"Nyabo, una sauti nzuri," akasema mwishowe. "Ungeweza kusoma habari redioni. Mimi mwenyewe nimeanza kumwogopa huyo Hajji."

Spesi akacheka na kulia kwa pamoja. Akaifuta sauti ile mbele yetu. "Nisamehe, Hajji."

"Na mimi unisamehe. Nilipaswa kufungua povu hiyo mbele yako."

"Ni mimi niliyekataa boksi."

"Basi tumekosa wote wawili, na Mwalimu peke yake ni mtakatifu. Mwalimu, kaa, tunywe chai."

Mimi si mtakatifu, na nilimwambia hivyo, maana sala yangu ya Jumamosi nilikuwa naikumbuka. Hakuuliza zaidi. Chai ikaja na mkate mnene, na kabla hatujala akaniomba niombe kwa ajili yetu. Nikafanya ishara ya msalaba, yeye akafungua viganja vyake juu ya magoti, na nilimshukuru Mungu kwa mvua ile ya zamani, kwa baraza lile, na kwa maboksi yaliyolowa. Nilipomaliza, nilimwona Hajji akipangusa jicho. Alikuwa amesahau ile mvua, akasema, ila sasa ameikumbuka.

Wakati wa kuondoka nikachukua blanketi nianze kuviringisha monita. Spesi akanishika mkono.

"Hapana, Babu. Itakaa kwenye boksi."

"Unajua watakavyosema."

"Waseme."

Na ndivyo tulivyorudi. Gari lilipotushusha Base Camp, mjukuu wangu alijitwika boksi kichwani, boksi kubwa lenye picha ya monita na jina lake ubavuni, akapita nalo katikati ya soko saa ambayo soko limejaa. Nilitembea nyuma yake nikibeba blanketi. Mwanamke mmoja muuza nyanya akaita, "Ee Spesi, siku hizi ni tajiri?"

"Si tajiri, mama," akajibu bila kugeuza shingo, asije akaangusha. "Ni kitu changu, nimekinunua kwa Hajji Badru wa Mbarara. Ukihitaji redio nenda kwake. Na ukienda, rudi na boksi!"

Alilijibu swali hilo soko zima, kila aliyeuliza, kwa maneno yale yale. Mimi nyuma yake nilikuwa namsifu Mungu kimya kimya.

Jumapili wageni wa Biharwe walikuja. Kioo kilikimbia. Pasifiki alifungwa na msichana mmoja wa Biharwe mpaka akaomba maji. Nilimwona akitazama monita, akitafuta wa kumlaumu, akakuta iko sawa. "Leo nimekosa," akasema, na hilo neno hatukuwahi kulisikia kinywani mwake.

Sasa, mwanangu, nikupe yale niliyoyapata, na uyapokee kama unavyopokea chakula cha mchana, bila haraka.

Ukinunua kioo cha gemu, usianze na waya ulio nao nyumbani. Geuza kioo, uangalie nyuma yake kina matundu gani, halafu uangalie nyuma ya kompyuta ina matundu gani, na uchague waya ambao pande zote mbili zinaukubali. Soma karatasi ya kioo ujue kila tundu linabeba kasi kiasi gani, maana matundu mawili ya kioo kimoja hayalingani nguvu. Mara nyingi kwa kompyuta ya gemu, DisplayPort ndiyo njia pana. HDMI inafaa kwa king'amuzi na kwa vile vidude vya gemu vinavyounganishwa na televisheni, na kuna HDMI za sasa ambazo nazo zina mwendo mkubwa, kwa hiyo usiidharau, iulize tu. Lile tundu la zamani la buluu lenye pini nyingi waachie wazee wenzangu. Usiunge viunganishi juu ya viunganishi, wala usichukue waya mrefu kuliko unaohitaji. Uchomeke kwenye kadi ya picha, usiuchomeke pale pa ubao mkuu wa kompyuta, la sivyo nguvu uliyoinunua italala bure. Na ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio uchague kasi mwenyewe, kwa sababu kompyuta haitakuchagulia kila mara. Haya yote Spesi amenisahihisha, kwa hiyo kosa likibaki ni la mkono wangu wa kuandika.

Lakini kabla ya hayo, fungua boksi mpaka chini. Inua povu. Na usione aibu ya kitu ulichokipata kwa jasho lako, maana aibu ile ndiyo iliyoacha waya Mbarara, na ilibaki kidogo tu iache jina la mtu mwema limetupwa njiani.

Na kuhusu jina la mtu, hili lishike zaidi ya matundu yote. Amri inayotukataza kumsingizia jirani haikusema kwamba hakika kidogo inatosha. Mzee Melkiori alinifundisha kufuata mpira kuanzia upande wangu. Leo, nikiwa na mvi, nimejifunza kwamba hata ukiufuata mpaka mwisho usione kitu, bado hujamaliza. Nenda umkalie mtu mbele ya uso wake. Huenda sababu iko kwenye boksi lake, juu ya rafu, lina vumbi, na ubavuni limeandikwa jina lako.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe macho ya kuona wema uliotendewa ulipokuwa huna kitu, na moyo wa kuukumbuka ukishakuwa nacho. Akupe majirani kama Hajji Badru, akufanye nawe uwe baraza kwa waliolowa mvua. Unachokiunganisha kwa mkono wako kishike vizuri, unachokisema kwa kinywa chako kiponye, na kila unachokibeba kichwani, ukibebe bila hofu mpaka nyumbani kwako. Amina.